Panya wenye mistari nyuma ya jiko

Dada wa Uyole, Mbeya, umeuliza kuhusu panya nyuma ya jiko lako: hao wenye mistari mgongoni unaowaona mchana kwenye majani ni panya wa porini. Ndani ya nyumba hawana hamu napo sana. Waache hukohuko, ila fyeka ukanda wa mita 2 kuzunguka nyumba. Panya anaogopa kuvuka uwazi, mwewe anamwona.

Shughuli iko kwenye mlango wa stoo, kwa ajili ya panya wa nyumbani. Pitisha penseli chini yake: ikiingia, panya mdogo naye anaingia. Pigilia kipande cha bati. Matundu ya ukutani jaza nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kisha saruji juu. Ukiziba kwa tambara, asubuhi utakuta wamelifanya tandiko la kiota.

Mahindi yaliyopukuchuliwa na kukauka vizuri yatie kwenye pipa la bati lenye mfuniko, siyo gunia sakafuni. Sumu achana nayo: bundi akimla panya aliyelishwa sumu, naye anaweza kufa (najua wengi hawamtaki bundi paani, lakini ni mlinzi wa bure). Kinyesi usikifagie kikavu, vumbi lake lina magonjwa. Lowanisha kwa dawa ya klorini ya maji, ile ya kung'arishia nguo, sehemu 1 kwa 9 za maji, subiri dakika 5, ndipo ufute ukiwa na glavu.