Faili kunyooka si kupona

SWALI: Mimi ni daktari wa meno, niko Makambako. Faili zangu za kusafishia mizizi ya jino ni za nitinoli, ile metali ya nikeli na titani inayokumbuka umbo lake. Zikipinda, nikizitoa kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa moto, huwa zimenyooka kama mpya. Wiki iliyopita moja ilikatikia ndani ya jino bila dalili. Aliyeniuzia anasema joto huziba nyufa. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, daktari. Na huyo muuzaji naletewa habari zake kila mwezi, kila mara kwa jina jingine.

Kinachokumbukwa na nitinoli ni mpangilio wa atomi, basi. Ukiipinda, atomi zinaegama kwa pamoja bila kuachana. Ukiipasha joto zinasimama tena, faili inanyooka. Kwenye ufa atomi zimeshaachana, na titani iliyobaki wazi imevaa utando wa oksidi papo hapo. Nyuzi 134 za otoklevu zitaunganisha nini hapo, wakati nitinoli yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1,300 hivi?

Ufa huanzia juu juu, kwenye mkwaruzo wa kiwandani au punje ya uchafu iliyonaswa ndani ya metali. Faili ikizunguka mara 300 kwa dakika ndani ya mzizi uliopinda, upande uliovutwa sasa hivi unabanwa nusu mzunguko baadaye. Dakika mbili tu, mara 600. Kwenye ncha ya ufa mvuto ni mkali, metali ya hapo hubadili mpangilio, ukilegea inarudi. Ila hairudi yote. Kila mzunguko huacha masalia yasiyorudi, na ufa unasogea. Nitinoli inasifiwa sana kwa kunepa, lakini ufa ukishaanza kutembea ni dhaifu kuliko titani ya kawaida ya vipandikizi vya mwilini, na waya mwembamba kiasi hicho hauna nyama ya kuuchelewesha. Ndiyo maana hukuona dalili.

Kwa hiyo usiihukumu faili kwa macho. Andika imeingia mizizi mingapi na uifuate idadi aliyoweka mtengenezaji. Iliyopita kwenye mzizi uliopinda sana, itupe. Ikiwa inazunguka, isikae mahali pamoja, ipandishe na kuishusha.

Ugonjwa huu wa kuamini umbo hauko kwenye meno peke yake. Pita gereji zetu hapa Mbeya. Jani la springi ya Fuso lililolala kwa kubeba viazi vya Uporoto linatiwa motoni, linapigwa nyundo mpaka mgongo urudi, linapakwa rangi nyeusi. Hiyo si hata metali yenye kumbukumbu, ni chuma cha kawaida! Mwenye gari analipa, anapakia, anaelekea Dar. Ufa aliokuja nao uko pale pale chini ya rangi, na mteremko wa Kitonga anaushuka nao.