Kwa mtakwimu anayeanza kazi ya majaribio ya kitabibu

Wengi wanaotoka chuoni na shahada ya takwimu huingia katika majaribio ya kitabibu wakidhani kwamba kazi yao itaanza siku watakapokabidhiwa data. Baada ya miaka mingi katika kazi hii nina hakika kwamba sehemu yake kubwa hufanyika kabla mshiriki wa kwanza hajaandikishwa, na kwamba jaribio lililopangwa vibaya haliokolewi na uchambuzi wowote, hata uwe wa kitaalamu kiasi gani.

Anza kwa kulisoma jaribio la FEAST, lililoanza mwaka 2009 katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Swali lake lilikuwa zito: je, mtoto mwenye homa kali na mzunguko wa damu uliodhoofika aongezewe maji mengi ya mishipani kwa haraka, kama ilivyokuwa desturi katika nchi tajiri, au asiongezewe kwa namna hiyo? Watoto 3,141 waligawanywa kwa nasibu katika makundi matatu: waliopewa albumini (maji yenye protini ya damu) kwa haraka, waliopewa maji ya chumvi kwa haraka, na wasiopewa chochote kwa haraka. Kufikia saa 48, waliofariki walikuwa asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi mawili ya kwanza, na asilimia 7.3 katika kundi la tatu. Linalopaswa kumshtua mtakwimu ni kwamba katika saa ya kwanza watoto walioongezewa maji kwa haraka ndio walioonekana kupata nafuu ya mshtuko, yaani ule udhaifu wa mzunguko wa damu, kuliko wenzao. Kama nafuu hiyo ingechaguliwa kuwa kipimo kikuu, matibabu yaliyozidisha vifo yangesifiwa kuwa yamefaulu. Kwa hiyo, daktari anapokuletea kipimo kinachopatikana upesi na kwa gharama nafuu, muulize kwa heshima ni ushahidi gani unaokiunganisha na uhai wa mgonjwa, wala usiliache swali hilo mpaka lijibiwe.

Mwezi Januari 2011, kamati huru iliyofuatilia data za jaribio hilo ilishauri uandikishaji usitishwe kabla idadi iliyokusudiwa haijatimia. Mtakwimu anayeandaa ripoti ya siri ya kamati ya aina hiyo huona vifo vya kila kundi wakati watafiti wenzake hawavioni, na hukutana nao kila siku. Ni amana nzito, na kwa maoni yangu haifai kukabidhiwa mtu anayeandikisha au kuhudumia wagonjwa wa jaribio lilelile.

Somo la pili linatoka Mwanza, ambako kati ya 1991 na 1994 jamii 12 zilipangwa katika jozi sita ili kupima kama kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kungepunguza maambukizi mapya ya VVU, na maambukizi hayo yakapungua kwa takriban asilimia 40. Kila jamii iliwakilishwa na watu wazima wapatao 1,000, lakini kilichogawanywa kwa nasibu ni jamii, si mtu mmoja mmoja. Tuseme uwiano wa kufanana kwa watu wa jamii moja ni 0.002 tu, kiasi ambacho wengi wangekipuuza. Zidisha kwa 999 (watu 1,000 wa jamii ukitoa mmoja), ongeza moja, utapata karibu 3, na kwa hiyo ndiyo unagawanya idadi ya watu wote. Maana yake ni kwamba watu 12,000 wanakupa taarifa za watu 4,000 hivi. Fanya hesabu hii kwa mkono mara kadhaa kabla ya kuiachia kompyuta, kwa sababu ndiyo itakayokupa ujasiri wa kumwambia mfadhili kwamba kuongeza watu katika vijiji vilevile hakutasaidia sana, na kwamba vinahitajika vijiji zaidi.

Nenda wodini pia. Kaa karibu na muuguzi wa zamu ya usiku anapojaza fomu, uone kwamba saa ya kifo huandikwa baada ya mtoto mwingine kuhudumiwa, kwa kuwa aliye hai ndiye anayehudumiwa kwanza. Ukishaliona hilo, fomu utakayoibuni itakuwa fupi, na mpango wako wa uchambuzi utaeleza mapema namna ya kushughulikia saa zilizokadiriwa. Andika mpango huo pamoja na majedwali yake yakiwa matupu, uupeleke kwa mtafiti mkuu na kwa muuguzi kiongozi, na wausaini kabla siri ya nani alikuwa kundi gani haijafunguliwa.