Chambo kiko chini, krapi yuko juu

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa wasomaji walioko Marekani, na karibu zote zinamhusu samaki mmoja: krapi, yule bapa wa rangi ya fedha mwenye madoa meusi anayejaa kwenye mabwawa na mito kuanzia Texas hadi Minnesota. Dukani mtawasikia wengine wakimwita “kropi”, na Louisiana ni “sac-à-lait”. Ni yuleyule. Tumezijibu barua pamoja kwa sababu kosa linalojirudia ndani yake ni moja.

Jambo wahariri. Kwetu Uvira nilivua tangu utoto: mnyoo, ndoano, chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi), unatupa unangoja. Sasa niko Bowling Green, Kentucky, na kila Jumamosi niko bwawa la Barren River. Majirani wanaondoka na krapi ndoo nzima, mimi ni kambare wadogo tu. Nakosea wapi?

Ndugu yetu, umepata kambare kwa sababu umetega mlangoni kwao. Mnyoo unaolala chini ni chakula cha kambare. Krapi hulala juu kidogo, katikati ya maji, amejibanza kwenye matawi ya mti uliozama au kando ya kisiki. Macho yake yamekaa juu ya kichwa, hivyo huona vizuri kilicho mbele na juu yake. Chambo kikipita futi moja juu atakipandia. Kikipita futi moja chini, kwake ni kama hakikupita. Kundi likiwa futi 10 na chambo chako kiko futi 12, utakaa hapo hadi giza liingie. Ukikosea kina, kosea kwa juu.

Ili kukijua kina bila mtambo wowote, tumia boya la kuteleza. Mshipi unapita katikati ya boya, na juu yake unafunga fundo dogo la uzi pamoja na ushanga ili boya lisipite hapo. Anza na fundo likiwa futi 4 kutoka kwenye ndoano. Dakika 10 zikipita hujaguswa, lisogeze futi 2 mbali zaidi na ndoano ili chambo kishuke. Endelea hivyo mpaka boya lilale ubavu kwa sababu chubwi imefika chini, kisha pandisha chambo futi moja. Ukipata krapi wa kwanza, usiguse fundo hata kidogo: hawa hukaa kwa makundi, na wengi hulingana kina.

Chambo nacho kibadilishe. Krapi mzima hupenda samaki wadogo, hasa watoto wa shadi, samaki wadogo wa rangi ya fedha wanaoogelea kwa makundi. Nunua vidagaa hai vya inchi 1.5 hadi 2, umtoboe mmoja midomo yote miwili kutoka chini kwenda juu, au chini ya pezi la mgongoni bila kugusa uti wa mgongo. Akiacha kutikisika, mbadilishe.

Halafu kuna mahali. Ufuko mtupu wa mchanga ni wa kuogelea. Barren River, kama mabwawa mengi ya kuzuia mafuriko, hupunguzwa maji kuanzia vuli na kujazwa tena majira ya machipuko. Nenda wakati wa baridi, maji yakiwa chini, utembee kwenye tope lililokauka. Utaona visiki, miti iliyoanguka, na korongo la kijito cha zamani. Weka alama kwenye ramani ya simu kila kisiki kilicho ukingoni mwa korongo. Bwawa likijazwa tena vyote vitakuwa chini ya maji, na wewe ndiye utakayejua vilipo.

Duka la vifaa hapa Des Moines lina ukuta mzima wa vitu. Ninunue vipi na niache vipi? Msomaji wa Iowa

Acha vingi. Fimbo nyepesi ya futi 6 au 7 yenye rili ndogo (gurudumu la kuzungushia mshipi) inatosha. Ukivua ukingoni kwenye vichaka, fimbo ndefu ya futi 10 ni bora, kwa sababu unashusha chambo wima tundu kwa tundu, kama kwa mwanzi wa nyumbani. Mshipi uwe wa pauni 6, au 8 penye matawi mengi. Nunua ndoano namba 4 za waya mwembamba. Wembamba huo una kazi: ikinasa kwenye tawi, unavuta polepole mpaka inanyooka na kuchomoka, kisha unaikunja tena kwa koleo. Ndoano nene haikunjuki, na utarudi nyumbani bila hata moja.

Chukua pia jigi, yaani ndoano iliyoyeyushiwa madini ya risasi shingoni, za aunsi 1/16 na 1/32, na mikia laini ya mpira ya inchi 2. Maji ya tope yanataka kijani-njano kinachong'aa. Maji safi yanataka nyeupe au kijivu. Rangi nyingine zote dukani zimewekwa ili kumvua mvuvi.

Boya ndilo wengi hulikosea. Lile tufe kubwa jekundu na jeupe lina nguvu ya kuelea kupita kiasi; krapi akilivuta anahisi uzito na kutema. Tafuta boya jembamba kama penseli, kisha bana chubwi ndogo inchi 12 hivi juu ya ndoano hadi boya libakize ncha tu. Tena jihadhari: krapi mara nyingi hula akipanda juu. Anaibeba chubwi, boya linakosa uzito na kulala chali badala ya kuzama. Wengi hukaa wakilitazama wakidhani upepo umelilaza. Hapo ndipo pa kuinua fimbo.

Hamjambo. Niko Dallas. Tuliambiwa machipuko ndiyo wakati wake. Mapema Machi mimi na shemeji tulipata krapi 30 karibu na ukingo. Jumamosi iliyofuata, palepale, hata mmoja. Wamehamia wapi?

Hawajaenda mbali. Bila shaka kati ya Jumamosi hizo mbili upepo baridi wa kaskazini ulipita. Krapi huanza kusogea kutoka kwenye vilindi kuelekea mikono ya bwawa maji yanapofika nyuzi 50 hivi za Farenhaiti, na hutaga yakiwa kati ya 60 na 68, yaani selisiasi 16 hadi 20. Usiku mmoja wa baridi kali ukishusha joto la maji ya kina kifupi, hurudi nyuma hadi kwenye ukingo wa kwanza wenye kina, mara nyingi mwendo wa hatua chache tu. Basi simama palepale mlipowapata, tupa kuelekea kwenye maji ya futi 8 hadi 12, utafute kisiki au nguzo ya gati iliyo karibu zaidi na mteremko. Badilisha jigi iwe ya aunsi 1/32, na usiichezeshe. Ining'inize chini ya boya, itikisike kwa mawimbi tu. Baada ya baridi krapi hafukuzi chambo, hungoja kimfikie puani.

Kina cha kutagia hutegemea usafi wa maji, na kipimo chake ni rahisi: shusha jigi nyeupe kando ya gati uone inapotelea wapi. Ikipotea kabla ya futi 2, wako futi 2 hadi 4. Ukiiona hadi futi 5, anza kuwatafuta futi 6 na uende hadi 10. Kwanza jaribu kingo za upande wa kaskazini wa bwawa, kwa kuwa hupigwa na jua mchana kutwa na kukingwa na upepo baridi.

Tena majike hukaa mahali pa kutagia kwa muda mfupi tu, kisha hurudi vilindini. Wanaobaki ni madume, wanaolinda kiota na kugeuka weusi kwelikweli. Ukiona kila unayemvua ni mweusi na mwembamba, sogea nyuma kwenye kina cha kati. Majike yako huko. Na usiifuate kalenda ya jamaa yako wa Minnesota: yeye atayaona haya Mei. Fuata kipimajoto.

Mimi sina bwawa karibu, nina Mto Ohio hapa Louisville. Krapi wa mtoni wanavuliwaje?

Wapo, ila sahau mkondo mkuu. Krapi ni bapa kama sahani, na mkondo humchosha. Tafuta maji yaliyosimama: vidimbwi vilivyoungana na mto, midomo ya vijito, maegesho ya boti, na miti iliyoanguka ikiwa mizizi bado imeshika ukingo. Dondosha jani. Likienda kasi ya mtu anayetembea, hama.

Mtoni, kina cha maji kinachobadilika ndicho kinachoamua mambo. Mto ukipanda, krapi hufuata maji mapya hadi ndani ya vichaka vilivyofurika, wakati mwingine futi 2 tu, na hapo fimbo ndefu inalipa. Mto ukianza kushuka, hutoka upesi kabla hawajafungiwa, na kujikusanya kwenye mti wa kwanza ulio nje ya mdomo wa kidimbwi, pale chini panapoteremka. Wavuvi wengi hurudi kwenye kichaka cha jana, ambako hakuna samaki tena. Mto uliotulia kwa siku tatu au nne bila kupanda wala kushuka ndio mzuri kuliko yote. Maji yakiwa ya tope, samaki hujibana na mti kabisa: chambo kipite inchi chache kutoka kwenye shina, si futi tatu.

Vaa jaketi la kuokolea, na usisogelee maji yanayofoka chini ya kuta za mabwawa. Kabla ya kupika, soma pia ushauri rasmi wa jimbo kuhusu kula samaki wa Mto Ohio, kwa sababu una mipaka inayotokana na zebaki na kemikali za viwandani ziitwazo PCB.

Salaam wazee. Kigoma tunavua dagaa usiku kwa karabai. Hapa Nashville Julai ni joto kali, mchana hapati mtu kitu. Je, taa inafaa kwa krapi?

Inafaa, na sababu ni ileile uliyoizoea ziwani: taa huvuta vidudu vidogo vya majini, vidudu huvuta shadi, shadi humvuta krapi. Tofauti ni kwamba hapa hutumii wavu. Funga taa kwenye gati au karibu na nguzo ya daraja kabla giza halijaingia vizuri, ungoje saa moja hadi mbili mpaka ule msururu ukamilike. Wanaoondoka baada ya nusu saa ndio wanaosema taa haifanyi kazi. Usishushe kidagaa katikati ya mwanga. Krapi wakubwa hukaa pembeni, mwanga unapoishia, na chini ya wingu la shadi.

Kiangazi pia kina mpaka wake wa chini. Bwawa hugawanyika, maji ya joto juu na ya baridi chini, na yale ya chini huishiwa hewa. Ukishusha kidagaa hai futi 25 naye akarudi baada ya dakika chache amekufa, umevuka mpaka; panda juu yake. Kwenye mabwawa mengi ya Tennessee, futi 12 hadi 20 ndiyo ya kuanzia. Hakikisha tu kanuni za bwawa hilo zinaruhusu taa.

Kila nikimvuta anachomoka akifika ukingoni. Ndoano butu?

Hapana, mkono mzito. Ngozi ya mdomo wa krapi ni nyembamba kama karatasi. Usishtue fimbo, inua tu, kisha zungusha rili kwa mwendo mmoja bila kulegeza mshipi. Punguza breki ya rili mpaka mshipi utoke ukiuvuta kwa vidole. Ukingoni usimning'inize kwa mshipi: mchote kwa wavu wa mpini, ukianzia kichwani.

Krapi mweupe na mweusi natofautishaje, na sheria inasemaje? Msomaji wa Texas

Rangi inadanganya, hesabu miiba migumu ya pezi la mgongoni. Mweupe ana 5 au 6, mweusi 7 au 8. Mweupe huvumilia tope, mweusi hupenda maji safi yenye majani. (Wa pauni 2 ni wa kupiga picha. Rekodi ya dunia ya mweupe, pauni 5 na aunsi 3, ilitoka Enid, Mississippi, mwaka 1957.)

Kwa jumla Texas inaruhusu 25 kwa siku, wenye urefu wa inchi 10 au zaidi, aina zote mbili pamoja. Bwawa la Lake Fork, hukohuko Texas, lina kanuni inayoshangaza wengi: kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari hakuna urefu wa chini, na kila krapi unayemvua lazima umchukue. Wakati huo wako vilindini, na anayepandishwa kutoka huko kibofu chake cha hewa hutanuka; ukimrudisha ataelea na kufa. Kanuni hubadilika, kwa hiyo soma za mwaka huu unapokata leseni.

Nilimtia kwenye mchuzi wa nazi akayeyuka wote. Nimpikeje? Mama wa watoto watatu, Columbus, Ohio

Dada, nyama yake ni laini kuliko ya sato. Kazi inaanzia ukingoni: mtie kwenye barafu mara tu anapotoka majini, na uwe unamwaga maji yanayoyeyuka. Anayefia kwenye ndoo ya maji yaliyopata joto hulegea hata kabla ya kufika jikoni. Mparue magamba, toa matumbo na matamvua, mchanje mara tatu kila ubavu, mpake chumvi, ndimu na bizari, umwache dakika 20, kisha mkaushe kwa kitambaa. Mkaange kwenye mafuta mengi yaliyopata moto, dakika 3 hadi 4 kila upande, mpaka ngozi iwe ngumu. Mchuzi wa nazi upike peke yake hadi uwe mzito, umwagie juu samaki akiwa tayari kwenye sinia. Ukitaka lazima aingie sufuriani, iwe dakika 2 za mwisho, na usikoroge, tikisa sufuria.