Kuhusu Swali Lako la Filamu za Kale

Kisumu

Mpendwa mwanangu,

Umeniuliza iwapo ni afadhali kusoma uhakiki wa filamu za kale za ng'ambo kabla ya kuzitazama, kwa kuwa ulijaribu kutazama Tokyo Monogatari, ile filamu ya Kijapani, ukasinzia katikati. Ushauri wangu ni kwamba usome kidogo tu, upate kujua filamu ipi inastahili jioni yako, kisha utazame, ndipo urudi kusoma kwa kirefu.

Mimi niliifikia Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli, filamu ya Kiitaliano ya Vittorio De Sica ya mwaka 1948, kwa maelezo mafupi ya mhakiki mmoja: Antonio, maskini wa Roma, baada ya vita, amepata kazi ya kubandika mabango, na kazi yenyewe haifanyiki bila baiskeli. Hayo yalinitosha. Unajua kwamba kabla hujazaliwa nilibeba abiria kwa baiskeli ya kukodi kati ya Kondele na soko la Jubilee, nikimpelekea mwenyewe hesabu yake kila jioni, kwa hiyo ile ya Antonio ilipoibwa nilihisi tumbo likinikata.

Uhakiki mrefu niliusoma baadaye, nikatambua kwamba nilikuwa nimetazama bila kuona. Kuna mahali ambapo mke anavua mashuka vitandani ili yawekwe rehani na baiskeli ikombolewe. Macho yangu yalibaki kwa mke. Mhakiki alinielekeza kwa mfanyakazi wa duka la rehani, ambaye analichukua furushi lile na kupanda nalo juu, rafu baada ya rafu, akipita mafurushi ya familia nyingine yaliyopangwa kwenda juu kabisa. Nilirudia sehemu hiyo mara tatu. Hakuna anayetamka kwamba mji mzima umefilisika, lakini mashuka yake yote yako pale.

Uhakiki huohuo ndio ulionifikisha India. Satyajit Ray, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya matangazo, aliitazama filamu hiyo London mwaka 1950, akaona kwamba inawezekana kutengeneza filamu nje ya studio, na watu ambao si waigizaji. De Sica mwenyewe alikuwa amempa Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani, nafasi ya mhusika mkuu. Mwaka 1955 Ray akatoa Pather Panchali, ambayo nimekuwekea.

Filamu iliyokusinzisha, ya Yasujirō Ozu ya mwaka 1953, usiiache. Kamera yake imewekwa chini, karibu na usawa wa macho ya mtu aliyeketi mkekani, nayo haina haraka. Wazee wawili wanasafiri kuwatembelea watoto wao mjini, na watoto wana shughuli nyingi. Nilimkumbuka nyanya yako alipokuja kwetu siku nne, nami siku zote nne nikashinda kazini. Hilo hakuna mhakiki aliyenieleza.

Ukiona mhakiki anaanza kusimulia mwisho wa filamu, iweke simu chini. Anza na ile ya baiskeli Jumamosi mchana, ukiwa hujachoka, kwa sababu maandishi ya tafsiri yanataka macho makavu. Ukiimaliza, nipigie kabla hujasoma chochote zaidi, kwani nataka kusikia mwenyewe ulivyomwona Bruno, yule mtoto, anapotembea kando ya baba yake.

Ni mimi baba yako.