Kave ya nyumba ya Bukavu: anza na maji, rangi ije mwisho

Nyumba nyingi za Bukavu zimechimbiwa ubavuni mwa mlima. Ukiwa barabarani unaona nyumba ya kawaida. Ukishuka ngazi za nyuma unakuta chumba kimoja au viwili chini yake, ndiyo kave: ukuta wa nyuma umeegemea udongo, mbele pako wazi. Ukitaka kugeuza kave hiyo iwe chumba cha kulala au cha kupangisha, usianze kwa kununua rangi na vigae wakati wa kiangazi. Kuanzia Juni hadi Agosti kila ukuta unaonekana mzima. Mvua za Septemba zikishika, udongo wa mfinyanzi unanywa maji, unavimba, na maji yanatafuta pa kupitia: ufa, pale ukuta unapokutana na sakafu, hata tundu la waya wa umeme.

Pima kwanza, tena wakati wa mvua. Kata kipande cha plastiki cha sentimita 60 kwa 60, kibandike kwenye ukuta wa upande wa mlima, ziba kingo zote kwa skochi, uache siku mbili. Matone yakitokea nyuma ya plastiki, unyevu unatoka udongoni. Yakitokea juu yake, upande wa chumba, ni pumzi ya chumba chenyewe, na dawa yake ni madirisha. Kazi hizo mbili hazilingani gharama hata kidogo, kwa hiyo usikubali devi (makadirio ya gharama) ya fundi yeyote kabla ya kujua iliyo yako ni ipi.

Maji ya udongoni hayazuiliki kwa kupiga lipu ndani. Yanasukuma kutoka nyuma. Lipu inavimba, inaacha unga mweupe wa chumvi, kisha inaanguka. Yakamatwe nje. Nyuma ya ukuta chimbeni mtaro unaofika chini ya usawa wa sakafu ya kave, lakini usipite chini ya msingi. Fanyeni wakati wa kiangazi, vipande vya mita 2 au 3 kwa zamu, na mkipita mita 1.20 kwenda chini, wekeni mbao za kuzuia kuta za mtaro, kwa kuwa udongo wa mfinyanzi hufunika mtu bila kutoa onyo. Safisha ukuta, upige lipu ya simenti moja kwa mchanga tatu, kisha upake lami tabaka mbili. Chini laza bomba la milimita 110 lenye matundu, likishuka sentimita 1 kwa kila mita, lizungukwe na kokoto, na kokoto zifungwe kwa kitambaa cha kuchuja. Bila kitambaa, tope litajaza matundu na bomba litakufa. Mwisho wa bomba utoke mahali pa wazi, usielekee ukuta wa jirani wa chini. Usitegemee pampu: umeme hukatika hasa usiku wa mvua kubwa.

Kabla ya kufukia, mwaga bidoni moja ya maji upande wa juu, mwenzako asimame kwenye mdomo wa bomba. Maji yakichelewa au yakitoka nusu, mteremko una tumbo mahali. Fungueni palepale, kwa kuwa baada ya kufukia utalipa mara mbili.

Angalia pia fosi (shimo) ya choo. Ikiwa imechimbwa mlimani, upande wa juu wa ukuta huo, hakuna mtaro utakaotosha, ihamishwe.

Sakafu ya mita 4 kwa 5, unene wa sentimita 10, ni kyubiki (mita za ujazo) 2 za beto, yaani zege. Kwa dozaji ya kilo 350 za simenti kwa kila kyubiki ni mifuko 14 ya kilo 50, nunua 15. Mchanga kyubiki 0.8, kokoto 1.6. Chini yake tandika kokoto, kisha plastiki nene yenye kupandana sentimita 20. Kwa mfuko mmoja wa simenti zinatosha lita 25 za maji, yaani bidoni moja na robo, na mchanga ukiwa na maji upunguze. Mafundi hupenda beto laini kwa sababu inasambaa upesi, lakini maji yanayozidi huacha vitundu, na vitundu hivyo ndivyo njia ya unyevu. Imwagilie siku 7.

Kama dari ni fupi, usichimbe sakafu kushuka chini ya msingi ili upate urefu. Msingi utabaki hewani, na mji huu ulitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9 mnamo Februari 3, 2008. Mwite injinia kwanza.

Madirisha yafikie angalau sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu, pamoja na matundu ya hewa juu na chini. Mbabula yenye makaa au jenereta isiingie humo kamwe. Moshi wake usioonekana huua aliyelala. Ndugu wa Goma wana tatizo jingine: mazuku, gesi nzito inayotoka ardhini na kutuama mahali pa chini. Huko, kave ya kulala tusiishauri.

Kwa malipo, patana forfe (bei ya jumla ya kazi) kwa hatua: mtaro, sakafu, lipu, madirisha. Andika kwenye mkataba kwamba mtaro haufukiwi kabla hujauona, na bakiza asilimia 10 hadi mvua kubwa ya kwanza ipite na ukuta ubaki mkavu.