Kutoka jukwaani kwenda kwenye filamu: si lazima uanze moja

Mleta mada, umeuliza kama mwongozaji wa michezo ya jukwaani akitaka kuhamia kwenye filamu inabidi arudi darasani. Nimefanya kazi pande zote mbili. Hapana, ila kuna jambo moja utajifunza upya, nalo si kamera.

Kamera ina mwenyewe. Mpigapicha anazijua lenzi na taa kuliko utakavyozijua wewe, mwachie. Mike Nichols alijijengea jina kwa kuongoza michezo ya jukwaani Broadway, kule New York, kabla ya kuongoza filamu yake ya kwanza, iliyotoka 1966. Ya pili ikampa Oscar ya uongozaji. Sam Mendes naye alitokea jukwaani London, na filamu yake ya kwanza, ya 1999, ikampa tuzo hiyohiyo. Mtaji wao ulikuwa kujua kukaa na mwigizaji, na huo unao tayari.

Kazi iko kwenye mtiririko. Jukwaani mwigizaji anapanda mwenyewe na hadithi, mwanzo hadi mwisho. Kwenye filamu ratiba inafuata eneo: asubuhi mnapiga msiba, jioni harusi ya marehemu huyohuyo. Kuna dada mmoja, mwigizaji hodari wa jukwaani, tulianza naye na onyesho la kumfukuza mumewe. Akaja na sauti ya kumfikia aliyekaa kiti cha nyuma kabisa. Sikumwambia apunguze, maana ukimwambia hivyo mwigizaji anazima kabisa. Nilimsogelea nikamuuliza taratibu, "Jana usiku mlilala chumba kimoja?" Akanyamaza, akaangalia pembeni. Tulipopiga tena, yale maneno makali aliyatamka kama anayeomba apishwe njia. Hiyo ndiyo iliyobaki kwenye filamu.

Swali lile lilitoka kwenye daftari. Kila onyesho naandika: mhusika anatoka wapi, anajua nini, bado hajajua nini. Seti nzima ni wewe peke yako unayeibeba hadithi kwa mpangilio wake.

Na mazoezi usikubali yafutwe. Sidney Lumet, mwongozaji wa filamu wa Marekani, alikuwa akikaa na waigizaji wake kwenye mazoezi wiki mbili hivi kabla ya kuanza kupiga. Prodyuza akikupa hata siku tatu, zipokee kabla hujaomba droni (wote huanza na droni, sijui kwa nini).

Jukwaa usiliache, Ingmar Bergman, yule mwongozaji wa Uswidi, aliongoza jukwaani na filamu karibu maisha yake yote. Anza na filamu fupi, watu wawili, chumba kimoja, na uhariri mpe mtu ambaye hakuwepo siku ya kupiga.