Kambli wa wastani wa 54 hajawahi kuwepo: barua kwa mwanangu

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako niliukuta asubuhi. Umeuliza: "Mama, Vinod Kambli, yule mpigaji wa kriketi wa India, alikuwa na wastani wa 54 kwenye mechi za Testi, zile za kimataifa za siku tano. Aliachwaje akiwa na miaka 23, na kuna watu wa wastani wa 35 wamecheza miaka kumi?" Halafu chini kabisa, kama mtu anayetaka lisionekane, ukaongeza kwamba yule kijana unayemfundisha anapiga kila mpira, na kocha mwenzako anataka mumtulize. Nimekuelewa. Huulizi habari za Kambli peke yake. Nakujibu kwa barua maana kwenye simu huwa unanikatiza.

Tuanze na huo wastani. Nimekaa na kitabu cha alama mapajani tangu hujazaliwa, na siuamini wastani wowote mpaka niukate vipande. Wa Kambli ukiukata wanatoka watu wawili. Katika Testi zake 7 za kwanza, zote za mwaka 1993, alipata mikimbio 793 na kutolewa mara 7. Gawanya, ni mikimbio 113 na ushei kwa kila kutolewa; huo ndio wastani. Humo ndani mna 224 dhidi ya Uingereza mjini Mumbai, na iningi iliyofuata, yaani zamu yake iliyofuata ya kupiga, 227 dhidi ya Zimbabwe mjini Delhi. Kabla yake, waliowahi kupita mia mbili katika iningi mbili mfululizo za Testi walikuwa Hammond wa Uingereza na Bradman wa Australia tu. Kisha 125 na 120 mjini Colombo. Hapo ndipo mia zake, yaani iningi za mikimbio 100 au zaidi, zilipokoma. Testi 10 zilizobaki zilimpa mikimbio 291, akatolewa mara 13: wastani wa 22. Wewe umechanganya mtu wa 113 na mtu wa 22 ukapata wa 54, ukashangaa kwa nini aliachwa. Wateuzi hawakumwacha wa 54. Walimwacha wa 22.

Kwa hiyo swali linageuka: kati ya hao wawili pana nini?

Kipaji hakikuondoka, hilo ondoa kichwani. Mtu aliyekuwa shule moja na Sachin Tendulkar, aliyekuja kuwa nyota wa India, wakapata pamoja 664 bila kutolewa katika mechi ya shule mwaka 1988, haamki siku moja mkono umesahau. Mwaka 1994 kule Sharjah alimpiga Shane Warne, mrushaji wa spini wa Australia, mikimbio 22 katika ova moja, yaani mipira sita, na Warne wa miaka ile alikuwa anawafanya watu wazima waonekane wanacheza gizani. Mkono wa kushoto, gongo likipanda juu kama mtu anayepasua kuni, miguu ikiufuata mpira wa kuzunguka mpaka pale ulipodundia. Dhidi ya mpira huo wa kuzunguka, spini, alikuwa raha tupu kumtazama.

Sasa angalia hizo mia zake, zote nne, alizipata wapi: India na Sri Lanka. Huko mpira hudunda chini na warushaji wa spini hupewa kazi kubwa. Mwishoni mwa 1994 wakaja India watu wa West Indies, timu ya visiwa vya Karibi, na warushaji wao wa kasi Courtney Walsh na Kenny Benjamin, na wala hakuhitaji kupanda ndege kwenda kukutana na swali lake. Swali lilimfuata nyumbani. Mpira mfupi, ule unaodunda mapema ukapanda hadi mbavuni. Katika mfululizo ule hakufika 50 hata mara moja. Na hapa pana jambo linaloniuma kila nikilitazama: ni katika mfululizo huo huo alipotimiza mikimbio 1000 ya Testi, katika iningi yake ya 14, kwa kasi ambayo hakuna Mhindi aliyekuwa ameifikia. Baada ya hapo akapata iningi 7 tu maishani mwake.

Nikueleze mpira mfupi unamfanya nini mpigaji wa aina hii, maana mwenzako akisema "mtulize" anadhani tatizo ni papara. Katikati ya uwanja, wiketi hadi wiketi, yaani vile vijiti vya huku hadi vya kule, ni mita 20 na kidogo. Ukitoa hatua ya mrushaji na mahali anaposimama mpigaji, mpira unasafiri kama mita 18. Ukirushwa kwa kilomita 140 kwa saa, unafika chini ya nusu sekunde. Hakuna anayefikiri ndani ya muda huo. Mwili unaamua kwa mazoea. Na mazoea ya mshambuliaji ni kwenda mbele: uzito mguu wa mbele, gongo juu, kichwa kikiufuata mpira aupige kupita warushaji. Ni mazoea mazuri, yamempa maelfu ya mikimbio tangu utotoni. Ila ukienda mbele na mpira ukawa mfupi, umejipeleka mwenyewe pale unapopandia. Mikono inakwenda juu kujikinga, mpira unagusa glavu, mlinda wiketi nyuma yako anaudaka na kushukuru: umetolewa.

Mpigaji wa kawaida, kama baba yako, alikutana na swali hilo akiwa na miaka 14, kwenye uwanja mbovu, mbele ya watu sita na mbwa. Alipigwa mbavu, akatolewa, akacheka, akajifunza kuinama. Mwenye kipaji kikubwa hakutani nalo mapema. Warushaji wa shule hawana kasi ya kumuuliza. Wa mikoa wanayo kidogo, lakini akishawapiga mara mbili mikimbio minne wanarudi nyuma wenyewe. Kwa hiyo anapanda ngazi zote akiwa hajawahi kuulizwa, na mara ya kwanza kuulizwa ni mbele ya dunia nzima, na mwulizaji ni Walsh. Sisemi kipaji ni mkosi. Nasema kinamchelewesha mtu kushindwa, na kushindwa ukubwani ni ghali.

Na warushaji wa ngazi ile wana tabia moja ambayo mimi niliiona kwenye kitabu kabla sijaielewa. Kila mpira usio na mkimbio tunauwekea nukta. Ova ikiisha na nukta sita, unaziunganisha zinakuwa herufi M. Mpigaji mtulivu ana M nyingi karibu na jina lake na hazimsumbui. Mshambuliaji akipata M mbili mfululizo, shika kalamu nyekundu, maana kutolewa kuko njiani. Hakutolewa na mpira ule uliomtoa. Alitolewa na zile nukta 12. Timu za kimataifa zinalijua hili. Hazijaribu kumtoa, zinamfungia maji. Zinaweka walinzi mpakani pale anapopenda kupiga, zinamrushia pale asipopenda, zinangoja achoke kuwa mtu mwingine.

Baada ya hapo jibu linahitaji muda, na muda ndio Kambli hakuupata. Mwaka 1995 India ilicheza Testi 3 tu, zote dhidi ya New Zealand. Tatu! Mtu anatakiwa abadilishe namna ya kusimama, ya kuinua gongo, ya kuachia mpira upite, na nafasi za kuonyesha amebadilika zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Novemba mwaka ule akacheza Testi ya 17, na ndiyo ikawa ya mwisho. Juni 1996, pale Lord's, London, India ikawachezesha vijana wawili wapya: Sourav Ganguly akapata 131, Rahul Dravid 95. Mlango ukafungwa, na hakuna aliyeufunga kwa hasira. Waliketi watu kwenye viti, basi. Mechi za siku moja aliendelea kuitwa na kuachwa hadi mwaka 2000. Testi iliyochezwa kwenye viwanja vya Australia au vya Uingereza hakuwahi kucheza hata moja.

Najua utasema: mbona watu husimulia habari za starehe na nidhamu? Husimulia, na mwenyewe amewahi kuzungumzia matatizo yake hadharani. Mimi kitabu changu hakiandiki habari za usiku. Ninachokijua ni kwamba mpigaji mtulivu akitolewa, watu husema mpira ulikuwa mzuri. Mshambuliaji akitolewa, husema ana kichwa kibovu. Kosa la mmoja ni la mguu, la mwingine ni la tabia. Na kosa la tabia huwa halisamehewi haraka.

Mtazame Virender Sehwag, Mhindi mwenzake, uone nisemacho. Desemba 2003, Melbourne, siku ya kwanza, yuko kwenye 195. Mtu yeyote mwenye mama angetafuta mkimbio mmoja mmoja. Yeye akampiga mrushaji Simon Katich juu atafute mikimbio sita kwa pigo moja, mpira ukadakwa hewani, akatolewa. Miezi mitatu baadaye, Multan, Pakistan, yuko karibu na mia tatu, akampiga Saqlain Mushtaq sita, akawa Mhindi wa kwanza kupata mia tatu kwenye Testi. Ni wazo lile lile katika kichwa kile kile. Melbourne uliitwa upumbavu, Multan ushujaa. Alicheza Testi 104, wastani wa 49, mikimbio 82 kwa kila mipira 100, na hakutulizwa na mtu. Lakini chunguza chini ya fujo yake: kichwa hakitikisiki. Miguu haiendi popote, kweli, walimu wa zamani walikuwa wanafumba macho, ila kwa sababu haiendi mbele, haikutwi mbele. Alikuwa na jibu lake, hata kama halikufanana na la kitabu chochote. Na alikuwa na timu iliyoamua kwamba ikitaka zile mia mbili, italipia na zile sufuri.

Kuna upande mwingine, na huu ndio ninaouogopa kwa kijana wako. Graeme Hick. Mzaliwa wa Zimbabwe, alingoja miaka saba aruhusiwe kuichezea Uingereza, na katika kungoja alipata mia zaidi ya mara 50 na ile 405 bila kutolewa pale Taunton mwaka 1988. Alipofika 1991 watu walikuwa wameshamtawaza. Kwenye mfululizo wake wa kwanza akakutana na West Indies ya mrushaji wa kasi Curtly Ambrose: mikimbio 75 katika iningi 7. Yeye hakuachwa kama Kambli. Alipewa Testi 65, lakini kwa vipande: anaitwa, anaondolewa, anaitwa tena, kila iningi kama kesi mahakamani. Sydney mwaka 1995 alikuwa kwenye 98 nahodha wake, Mike Atherton, alipofunga iningi ya timu kabla Hick hajafika mia. Atherton alikuwa na haki, muda ulikuwa unakwenda na Hick alikuwa anasuasua; lakini hebu fikiria kutembea kurudi chumbani na 98. Hick akamaliza na wastani wa 31. Kwenye mechi za kaunti alikuwa mfalme mpaka mwisho. Jumla ya mia zake katika mechi za daraja la kwanza ni 136. Ukimtazama kwenye Testi ulikuwa unaona mtu anayeomba ruhusa kila anapoinua gongo.

Sasa mwenzako anataka kumtuliza kijana. Akimtuliza atapata Hick: mkono wa kushambulia uliotiwa hofu. Ukimwacha kama alivyo utapata mtu wa 113 mpaka siku atakapoulizwa, kisha wa 22. Mimi ningemtafutia swali mapema. Uliza kwenye vilabu ni nani anarusha kwa kasi na ana hasira, umlete, umwambie arushe mbavuni nusu saa kila wiki. Kijana atatolewa sana. Mwache atolewe mahali ambapo mwandishi wa alama ni mimi. Usimwambie asipige, mwambie achague mpira upi mfupi ataupiga na upi atauinamia, na akiinama macho yabaki kwenye mpira. Na siku moja mnyime mikimbio kwa makusudi, walinzi wote mpakani, ova tatu, nne, uone anafanya nini nukta zikijaa. Akipiga juu mpira ukadakwa, usimkaripie. Muulize alianza kuchoka kwenye nukta ya ngapi. Atakuambia, wanajua.

Halafu, hili ni lako wewe: akishindwa mara tatu usimtoe kwenye kikosi. Najua wazazi wa wengine watakuja juu. Waje.

Nitapita mazoezini wiki ijayo. Niwekee kiti nyuma ya mrushaji, si pembeni, nione kichwa chake kinakwenda wapi. Usimwambie mimi ni nani. Nitakuja na kitabu na kalamu nyekundu.

Baba yako anakusalimu. Amesoma barua juu ya bega langu, anasema hakucheka siku ile alipopigwa mbavu, na kwamba alishapata 41 kabla hajatolewa. Kitabu kinasema 14.

Mama yako